Nani Anasikiliza? Historia ya redio za upepo na masikio yanayozifuata

(Muziki wa kipindi unaingia, unashuka polepole.)

  

Leo tunajibu swali ambalo limefika kwetu mara nyingi. Vijana wanauliza hivi: polisi wana redio mkononi, askari wa mpakani wanazo, wafanyakazi wa mashirika nao wanazo kiunoni. Zinalia siku nzima. Kwa nini redio yangu ya nyumbani haizikamati? Na je, nikipata chombo cha kuzikamata, si nitajua mapema vita vikikaribia?

Ni swali la mtu aliyewahi kukimbia usiku. Aliyewahi kuambiwa "wamefika" wakati wameshafika kweli. Kwa hiyo hatutalicheka. Tutalijibu kwa historia, maana historia hiyo inapita Marekani, inapita Nairobi, halafu inarudi hapa hapa Uganda, katika kambi za watu waliokimbia makwao kama sisi.

(Muziki mfupi.)

Tuanze na majina. Waswahili wa pwani huziita redio za upepo. Kwetu Kongo wengi tunasema foni kwa ile kubwa ya mezani, ile ya parokia na ya uwanja wa ndege, na ile ndogo ya mkononi tunaiita Motorola hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine. Zote zinafanya kazi moja: kusema na kusikia. Redio yako ya nyumbani inasikia tu.

Sababu ya kwanza ya redio yako kutozikamata ni masafa. Redio ya FM unayonunua sokoni inasikia kuanzia 88 hadi 108. Redio za mkononi za kazi zinaongea juu zaidi ya hapo, na ile foni kubwa ya HF inaongea chini sana. Ni kama watu wa vijiji vitatu kwenye mabonde tofauti. Wote wanapiga kelele, lakini wewe umekaa bonde moja tu.

Na hapa Kasese mfano wa mabonde si wa kubuni. Mlima Rwenzori una urefu wa mita 5,109 kwenye kilele cha Margherita. Redio ndogo ya mkononi hutuma sauti yake kwa mstari ulionyooka, ikikutana na mlima inakwama. Ndiyo maana unaona minara imejengwa juu ya vilima: mnara unapokea sauti na kuirusha tena upande wa pili. Ile HF kubwa haina shida hiyo. Sauti yake hupanda hadi tabaka la juu la anga, inagonga huko na kurudi chini mamia ya kilomita mbali. Mtu wa Beni anaweza kuongea na mtu wa Kisangani bila mnara hata mmoja katikati. Lakini kumbukeni jambo hili, tutalirudia: sauti inayofika mbali hivyo, inafika pia kwa asiyetakiwa.

(Muziki mfupi.)

Sasa twende Marekani, mwaka 1928. Polisi wa mji wa Detroit ndio wanaotajwa kuwa wa kwanza kufanikiwa kutumia redio kwa kazi ya kila siku. Ilikuwa ya upande mmoja tu: makao makuu yanasema, polisi aliye kwenye gari anasikia, hana njia ya kujibu. Mwaka 1933, mji wa Bayonne katika jimbo la New Jersey ukaanza redio ya pande mbili, gari linasikia na kujibu.

Miaka ile polisi waliongea kwenye masafa yaliyo jirani kabisa na stesheni za kawaida. Raia akizungusha kitufe cha redio yake sebuleni hadi mwisho, anawasikia. Watu wakaanza kukaa jioni kusikiliza polisi kama sisi tunavyosikiliza mpira.

Baadaye polisi wakahamia masafa mengine, na kila idara ikapewa chaneli yake: polisi hapa, zimamoto pale, ambulensi kule. Ndipo ikaingia sokoni mashine inayoitwa skana. Skana haikai stesheni moja. Inapita chaneli ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa haraka sana; ikikuta mtu anaongea, inasimama na kukusikilizisha. Akinyamaza, inaendelea na safari. Waandishi wa habari wa Marekani waliiweka mezani mchana na usiku. Nyumba ikiungua, mwandishi anajua wakati ule ule.

Halafu miji ikakua na chaneli zikawa chache. Hapo ndipo ulipokuja mfumo unaoitwa tranki. Nitaueleza kwa boda boda, maana hilo kila mtu wa Bwera analijua.

Fikiria zamani kila familia ilikuwa na pikipiki yake. Pikipiki ya polisi, pikipiki ya hospitali, pikipiki ya zimamoto. Nyingi zinalala bure siku nzima, na siku ambayo polisi wana kazi nyingi moja haiwatoshi, wakati ya jirani imesimama tu. Mfumo wa tranki ulisema: tuziweke zote kwenye stendi moja, na stendi iwe na mwenyekiti. Anayetaka kusafiri anamwambia mwenyekiti, naye anampa pikipiki yoyote iliyo wazi. Akishuka, pikipiki inarudi stendi, inachukua mwingine.

Katika redio, pikipiki ni zile chaneli. Mwenyekiti ni kompyuta, nayo ina chaneli yake moja ya uongozi ambayo haibebi sauti ya mtu, inabeba maagizo tu. Polisi akibonyeza kitufe, redio yake inamwomba mwenyekiti nafasi. Mwenyekiti anajibu kwa kufumba na kufumbua: "Kundi la polisi wa doria, nendeni chaneli ya nne." Redio zote za kundi hilo zinaruka pamoja hadi chaneli ya nne. Dakika moja baadaye, jibu linaweza kupita chaneli ya saba. Wenyewe hawaoni lolote, wanaongea tu.

Lakini yule raia mwenye skana ya zamani alichanganyikiwa. Amesimama chaneli ya nne, anasikia polisi akiuliza, "Yuko wapi?" Anasubiri jibu, badala yake anasikia ambulensi inaomba mafuta. Jibu la polisi limeshapita kwingine. Ni kama kusikiliza simulizi ambayo kila sentensi inasemwa katika nyumba tofauti.

Mwaka 1997 kampuni ya Uniden ikauza skana mpya iliyotatua shida hiyo. Ujanja wake ulikuwa mmoja: iliacha kukimbiza pikipiki, ikaenda kusimama karibu na mwenyekiti. Ilisikiliza chaneli ya uongozi, ikasoma maagizo yenyewe, na kila kundi lilipotumwa chaneli fulani, nayo ikaruka huko huko. Mazungumzo yakasikika tena kwa mfuatano, kundi moja kwa wakati.

Halafu likaja jambo la tatu, ambalo skana hailiwezi. Redio zikawa za kidijitali, yaani sauti inageuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu zile zinaweza kufungwa kwa ufunguo wa siri. Ulaya walianzisha miaka ya 1990 mfumo unaoitwa TETRA, ambao ni tranki na pia unaweza kufungwa. Polisi wa Uingereza walipohamia mfumo huo mwanzoni mwa miaka ya 2000, skana za raia zilinyamaza. Skana inaweza bado kujua kwamba kuna mtu anaongea. Anachosema haiwezi kukifungua. Hata New York, polisi walianza kufunga mazungumzo yao mwaka 2023, na waandishi wa habari wakalalamika sana: ni nani sasa atajua polisi wanafanya nini?

Hapo tayari tunaona mvutano. Polisi wana haki ya kutosikilizwa na jambazi. Raia wana haki ya kujua. Redio moja, haki mbili.

(Muziki mfupi.)

Turudi Afrika Mashariki. Tarehe 21 Septemba 2013, watu wenye silaha waliingia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi. Watu 67 waliuawa. Moja ya mambo yaliyoonekana baadaye ni kwamba polisi na wanajeshi walioingia kuokoa watu hawakuwa na mawasiliano ya pamoja. Kila upande ulikuwa na redio zake, na askari wa serikali wakafyatuliana risasi wenyewe kwa wenyewe. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya iliipa kampuni ya Safaricom kazi ya kujenga mtandao mpya wa mawasiliano wa polisi kwa Nairobi na Mombasa. Basi mtu akikuambia mambo ya chaneli na makundi ni ya mafundi tu, mkumbushe Westgate.

Lakini historia inayotugusa zaidi sisi watu wa kambi iko kaskazini mwa Uganda.

Wakati wa vita vya LRA, mamia ya maelfu ya Waacholi na majirani zao waliishi katika kambi za wakimbizi wa ndani. Hawakuvuka mpaka, lakini maisha yao mngeyatambua: nyumba zimebanana, shamba liko mbali, usiku una hofu. Huko porini makamanda wa LRA walikuwa wametawanyika, wengine Uganda, wengine Sudan. Waliongea kwa redio za HF kwa saa zilizopangwa. Kila kamanda alikuwa na fundi wake wa redio, majina ya siri, na karatasi ya mafumbo waliyoiita TONFAS, ambayo iligeuza maneno kuwa namba.

Hawakuwa na tranki wala ufunguo wa kidijitali. Walikuwa na mafumbo tu. Na kama nilivyosema, HF inafika mbali, hata kwa asiyetakiwa. Mjini Gulu, jeshi la Uganda, polisi na idara ya usalama wa ndani, kila mmoja kwa upande wake, waliweka watu wa kusikiliza. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Msikilizaji anakaa na redio, kalamu na kaseti. Anaandika haraka haraka kwenye karatasi, anarekodi, anarudia kusikiliza, kisha ananakili vizuri kwenye daftari. Siku kwa siku, mwaka kwa mwaka. Wakazoea sauti hadi wakamjua kila kamanda kabla hajataja jina lake la siri.

Mwaka 2004 kambi zilishambuliwa moja baada ya nyingine. Odek, tarehe 29 Aprili, raia wasiopungua 52 waliuawa. Lukodi, katikati ya Mei, wasiopungua 48. Abok, tarehe 8 Juni, wasiopungua 28. Walikuwamo watoto. Hizo ni hesabu za mahakama.

Baada ya mashambulizi, makamanda walipiga ripoti kwa redio kama mfanyakazi anavyopiga ripoti kwa bosi. Mmoja wao alikuwa Dominic Ongwen. Kule Gulu kaseti zilikuwa zinazunguka.

Miaka ilipita. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kukamatwa kwa makamanda watano wa LRA mwaka 2005. Ongwen alijisalimisha Januari 2015, na kesi yake ikaanza mjini The Hague tarehe 6 Desemba 2016. Kaseti zile zikachezwa mahakamani. Wasikilizaji wa Gulu walikuja kueleza walivyofanya kazi. Waliokuwa mafundi wa redio wa LRA nao waliketi, wakasikiliza, wakasema: hii ni sauti ya fulani, na fumbo hili maana yake ni hii. Majaji walilinganisha kaseti na daftari, na daftari za idara moja na za nyingine, kisha na maneno ya mashahidi waliokuwa kambini.

Tarehe 4 Februari 2021 Ongwen alikutwa na hatia ya makosa 61, na Mei mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Katika kupanga adhabu majaji walizingatia kwamba yeye mwenyewe alitekwa na LRA akiwa mtoto, njiani kwenda shule. Rufaa yake ilikataliwa Desemba 2022. Na Februari 2024 mahakama iliamuru fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa waathirika karibu 50,000.

Sasa ndugu zangu, hapa lazima tuulize swali chungu. Kama masikio yalikuwepo Gulu, mbona watu wa Odek walikufa?

Ripoti zilizomtia Ongwen hatiani kwa Odek zilisemwa baada ya shambulizi, si kabla. Redio ilisikika damu ikiwa imeshamwagika. Na aliyekuwa anasikiliza hakuwa mama wa kambini, alikuwa mtumishi wa serikali mjini. Kati ya kusikia na kuonywa kuna safari ndefu: kufumbua fumbo, kupeleka habari juu, kuamua, kutuma askari. Kwa hiyo yule kijana anayetaka skana ili ajue vita mapema, ajue hili: kusikiliza adui kulileta haki baada ya miaka kumi na saba. Hakukuleta onyo kwa usiku ule.

(Muziki mfupi.)

Je, kuna redio iliyowahi kuleta onyo? Ipo, na iko kwetu Kongo.

Desemba 2009 LRA walipita eneo la Makombo, katika Haut-Uele. Kwa siku nne walikwenda kijiji hadi kijiji. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu 321 waliouawa na zaidi ya 250 waliotekwa. Dunia ilipata habari kamili Machi 2010. Miezi mitatu! Huko hakukuwa na mtandao wa simu.

Baada ya hapo, kanisa Katoliki la Dungu kupitia tume yake ya haki na amani, pamoja na mashirika kama Invisible Children, walipanua mtandao wa foni za HF katika vijiji vya Haut-Uele na Bas-Uele. Mtu wa kijiji alifundishwa kuendesha redio. Asubuhi na jioni, kijiji baada ya kijiji, kila mmoja aliitwa na kujibu: huku salama, au huku kuna watu wamepita njia ya mtoni. Hakuna aliyekuwa anamvizia adui. Jirani alikuwa anamwambia jirani yake. Habari hizo zilikusanywa na kuwekwa kwenye ramani kwenye intaneti kuanzia 2011, watu wa misaada wakaona wapi pa kwenda.

Hii ndiyo tofauti ninayotaka mbebe leo. Skana ni sikio bila mdomo. Inakuambia wanachosema wengine, wewe huwezi kuuliza wala kuonya. Foni ya kijiji ina sikio na mdomo.

(Muziki mfupi.)

Tumalizie na hapa tulipo. Watu wa Mpondwe na Bwera wanajua uzito wa mambo haya. Tarehe 13 Novemba 1996 ADF walishambulia Mpondwe. Tarehe 16 Juni 2023, usiku, walishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, watu 42 wakauawa, wanafunzi 37 wakiwemo. Hatuna haja ya kueleza zaidi, kuna wazazi wanatusikiliza.

Kwa hiyo nawapa maneno matatu.

La kwanza, sheria. Uganda ina sheria ya mwaka 2010 inayohusu kunasa mawasiliano ya watu: anayenasa lazima awe na kibali cha jaji. Na sheria ya mawasiliano ya 2013 inataka leseni kwa mitambo ya redio. Mkimbizi anayekutwa karibu na mpaka na redio ya upepo au skana hataulizwa kwanza kama alitaka kuwaonya watoto wake. Ataulizwa anaripoti kwa nani. Usinunue, usibebe ya mtu, usikubali kutunziwa. Redio ya kawaida ya FM haina tatizo, isikilize upendavyo.

La pili, fununu. Ukimsikia mtu anasema, "Nimesikia kwenye Motorola ya askari," kumbuka ile stendi ya boda boda. Huenda kweli alisikia. Lakini alisikia sentensi moja ya nyumba moja, na jibu limepita chaneli nyingine. Watu wameshawahi kukanyagana kwa sentensi moja ya namna hiyo. Muulize: ulisikia mwanzo na mwisho? Kama hapana, peleka kwa kiongozi wa bloku, usipeleke kwenye bomba la maji.

La tatu, dai lenu. Wenye redio ni polisi na mashirika. Sisi hatuhitaji kusikia mazungumzo yao. Tunahitaji kujua habari ikiwafikia, inatufikia kwa njia gani na kwa muda gani. Katika mkutano ujao wa wakimbizi na wasimamizi, simama uulize: usiku saa nane, nikiona watu nisiowajua, nampigia nani? Na yeye akijua kitu, anamwambia nani kwetu? Kengele ya kanisa? Kipaza sauti cha msikiti? Namba ya simu ya zamu? Kama hakuna jibu, msikae chini mpaka lipatikane. Watu wa Haut-Uele walianza na swali hilo hilo.

 Aliye na swali aliandike, alitie kwenye sanduku letu la barua au amtume mtoto. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia reli ya Kasese iliyofunguliwa mwaka 1956, na shaba ya Kilembe iliyosafiri juu yake. 

(Muziki wa kipindi unapanda, unakwisha.)